Kulenga kwa Masikio

Mtu wa milimani akikuambia mahali fulani ni "hapo tu," usimwamini. Vaa viatu vizuri na ubebe maji. Sisi wa Ronge tulikulia kwenye miteremko inayotazamana, bonde likiwa katikati. Jirani wa upande wa pili ulimwona akianua nguo, ukamwuliza kama ng'ombe wake amezaa, naye akakujibu, na hakuna kati yenu aliyeacha kazi yake. Lakini kumfikia kwa miguu ilikuwa shughuli: kushuka mpaka mtoni, kuvuka kwenye mawe, kisha kupanda huku ukijuta. Kwa hiyo kwetu umbali ulikuwa wa aina mbili, wa miguu na wa sauti, na ule wa sauti ndio tulioishi nao kila siku.

Mama yangu alikuwa bingwa wa huo wa sauti. Aliweka viganja mdomoni, akalivuta neno la kwanza mpaka likavuka bonde, ndipo akayaleta mengine nyuma yake bila haraka. Habari za harusi, za misiba na za mbuzi waliopotea zilipita hivyo. Ukimsikia mtu vizuri, yuko karibu. Ukimsikia kwa shida, yuko mbali. Usipomsikia kabisa, huyo amehama. Nilikwenda kazini na hesabu hiyo kichwani, na ndiyo iliyoniponza nilipokabidhiwa bunduki.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Niliajiriwa kuwa askari wa wanyamapori, nikapelekwa kambi moja nje ya Voi pamoja na vijana wengine waliokuwa na afya nzuri na maneno mengi. Tuliambiwa wazi siku ya kwanza: watakaojua kulenga mbali wataingia kikosi cha kushughulika na wanyama wasumbufu, wale wanaoharibu mashamba na kujeruhi watu. Waliobaki watakwenda getini kuinua na kushusha kizuizi magari ya wageni yakipita. Mimi nilikuwa nimeshawatangazia watu wote nyumbani kwamba nimepewa bunduki. Nikajiona nimesimama getini na kamba mkononi, mtu wa kijijini kwetu anapita ndani ya basi, ananipungia. Usingizi ulinipaa.

Mwalimu wetu alikuwa sajini, Mkamba aliyeishi Voi miaka mingi, ambaye ujanani alipelekwa kwenye vita vya Wazungu akarudi mzima. Alikuwa mfupi, mweusi tii, na alitembea kama mtu ambaye hajawahi kuchelewa popote. Hakupiga kelele. Maafande wengine walitutukana mpaka tukazoea, lakini huyu alisema jambo mara moja kwa sauti ya kawaida, na usipolisikia shauri yako. Mpaka leo sijakutana na mtu aliyeijua kazi yake na kuipenda kama yeye, nami nimekutana na watu wengi.

Kwanza alitunyima risasi. Tulilala kifudifudi kwenye ule udongo mwekundu siku nyingi, bunduki tupu begani, tukijifunza kupumua. Unavuta pumzi, unaitoa, na pale inapokwisha kutoka, kabla hujavuta nyingine, kuna kituo kidogo ambapo mwili mzima umetulia. Hapo ndipo pa kufyatua. Siafu walitupanda, jasho likatuingia machoni, naye akapita nyuma yetu akigusa huyu kisigino, yule kiwiko.

"Usivute kama unachuma ndizi," aliniambia. "Bonyeza pole pole mpaka ilie yenyewe. Ikikushtua, umefanya vizuri."

Uwanja wa shabaha ulipakana na shamba la mkonge. Mbali kule, mbele ya ukingo mkubwa wa udongo, zilisimama mbao zenye karatasi. Saa mbili asubuhi ungeweza kuziona safi kabisa. Kufikia saa tano, joto lilikuwa linapanda kutoka ardhini na mbao zinaanza kuogelea, mara zimepanda, mara zimepungua urefu. Halafu upepo wa kutoka pwani ukaingia. Sajini alitufundisha kuutazama kwenye milingoti ya mkonge, ile mirefu inayobeba maua. Ikitikisika ncha tu, usijali. Ikiinama, sogeza shabaha upande unakotoka upepo. Ikiinama na vumbi likaruka, kaa chini unywe maji, maana risasi ni ya serikali.

Karibu, nilipiga vizuri, nikaanza hata kupata majivuno. Shida ilianza tulipoambiwa tukadirie umbali wenyewe. Bunduki zile zilikuwa na kibati cha kulengea kwa nyuma ambacho kinapandishwa au kushushwa kulingana na yadi. Ukikosea yadi, hata uwe na mkono wa jiwe, risasi itapita juu au itachimba chini. Mwenzetu mmoja alikuwa amejificha kwenye shimo chini ya mbao, na kabla hatujaanza alitoka akapunga bendera na kutupigia kelele kwamba yuko tayari. Nilimwona mdomo wazi. Sikusikia kitu. Upepo ulikuwa umeichukua sauti yake yote na kuipeleka Mwatate.

Basi hesabu yangu ya nyumbani ikafanya kazi. Mtu anapiga kelele, namwona, simsikii: huyo yuko mbali sana. Nikapandisha kibati. Nikapumua kama nilivyofundishwa, nikabonyeza pole pole, bunduki ikanishtua vizuri kabisa, na risasi ikatimua vumbi juu kabisa ya ukingo, mahali ambapo hata ndege hakuwapo. Nikarudia. Ikaenda pale pale. Ubaya wa kulenga vizuri kwa kipimo kibaya ni kwamba unakosa vile vile kila mara.

Sajini akachuchumaa kando yangu. "Umeweka ngapi?"

Nikamwambia.

"Kwa nini?"

Nikamweleza kwamba sikumsikia yule wa bendera. Wenzangu walicheka mpaka wengine wakalaza bunduki. Sajini hakucheka. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamjibu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la jambo lililomsumbua.

"Nyinyi watu ya milima," alisema, "mnalenga kwa masikio."

Jina likanishika. Kambi nzima ikaniita Masikio. Kwa siku kadhaa nilipiga vibaya kuliko mwanzo, kwa sababu sasa sikuamini masikio na macho nayo sikuyaamini. Ukitoka milimani, tambarare inakuchanganya: hakuna bonde, hakuna mto, hakuna nyumba ya fulani ya kupimia. Ni wekundu mtupu na vichaka, na tembo wakisimama kwa mbali huwezi kujua ni wakubwa walio mbali au wadogo walio karibu. Niliona geti linanisogelea.

Halafu asubuhi moja sajini akaniita peke yangu, tukatembea hadi karibu na reli. Mafundi walikuwa wakitengeneza njia, mmoja wao akigongelea chuma kwa nyundo kubwa. Tukasimama mbali naye.

"Tazama nyundo," sajini alisema. "Ikigusa chuma, anza kuhesabu. Mbio. Kama mtu anafukuzwa na nyuki. Sauti ikifika, nyamaza."

Nyundo ikashuka bila sauti. Nikahesabu mbio. Mlio ukanifikia nilipotamka nne, wakati jamaa tayari ameinua nyundo tena.

"Kila hesabu moja, yadi mia," alisema. "Sasa tembea upime."

Nilipima kwa hatua hadi kwa yule fundi, ambaye alinitazama kama mwendawazimu, na hesabu ilikuwa sawa. Nilirudi nikikimbia. Sajini alikuwa amekaa kwenye jiwe akivuta sigara. Aliniambia kwamba vitani walipima hivyo umbali wa mizinga: unaona mwako, unasubiri mlio.

"Kama ni lazima ulenge kwa masikio," alisema, "basi uyatumie sawasawa."

Hakuna mtu aliyewahi kunipa zawadi kubwa kuliko hiyo. Wengine wangeniondolea tabia yangu kwa viboko au kwa kejeli. Yeye aliichukua akainoa, akanirudishia. Nilianza kupima kila kitu: mtu anayepasua kuni, mwanamke anayepiga nguo kwenye jiwe, mlango wa behewa. Nilikaza macho huku ulimi ukihesabu, mpaka baada ya muda macho yenyewe yakajifunza, nikawa najua yadi bila kuhesabu. Siku ya mtihani niliweka risasi zangu zote ndani ya karatasi. Sajini alizipitishia kidole tundu baada ya tundu, akasema, "Haya, Masikio," akaenda zake. Sikwenda getini.

Sikuwa nimekaa sana kwenye kikosi wakati mama mmoja wa kwetu, aliyekuwa akishusha mboga soko la Voi, alinisimamisha. Hakunisalimu vizuri. Akasema, "Wewe umepewa bunduki ulinde ndovu, na huku mama zako wanaumwa na nyani."

Akanieleza. Kundi la nyani lilikuwa limeshuka kwenye mashamba ya upande wetu, na kiongozi wao alikuwa dume kubwa lililozoea watu. Nyani wa kawaida anaiba na kukimbia. Huyu alisimama. Alikuwa amemng'ata mkono jirani yetu aliyejaribu kumfukuza, jeraha likaoza nusura akatwe, na sasa wanawake walikuwa wakiyaacha mashamba ya juu huku mahindi yakiwa yamekaribia kukauka. Wote isipokuwa mmoja. "Mama yako," alisema, "anasema hakulima ili nyani ndio wale."

Ombi la chifu lilikuwa limeshafika kambini. Sajini aliamua tuende wawili, yeye na mimi. Tulipanda lori hadi Mwatate, tukamalizia kwa miguu. Mama alitupokea kwa furaha, akamtazama sajini kuanzia viatu hadi kofia, akaridhika. Kisha akatuonyesha shamba la juu, mahindi yaliyovunjwa na kutafunwa nusu, na mwamba ulio pembeni ambapo lile dume lilikaa kama mwenye shamba.

Tulijificha kwenye mahindi siku nzima. Nyani walikaa juu kwenye majabali wakitutazama, wakichambuana chawa. Kesho yake tulivua sare tukavaa nguo za kawaida, nikajifunga hata shuka. Hawakushuka. Wanawake walikuja kututazama pia, na kicheko chao nilikisikia vizuri sana.

Jioni hiyo tulikaa jikoni mama akichagua maharagwe kwenye ungo. Akasema kwa Kiswahili chake cha kupapasa, akimwelekea sajini, "Mzee, huyu nyani anaogopa mwanaume. Mwanamke haogopi. Mimi nikiwa shamba peke yangu, anakuja. Nyinyi nendeni ng'ambo. Mimi nitabaki."

Ng'ambo ilikuwa mteremko wa pili, upande mwingine wa bonde.

"Hapana, mama," sajini alisema. "Mimi sipigi bunduki mahali mtu yuko mbele."

"Mimi sitakuwa mbele. Nitakuwa kando."

"Kando ni mbele ya kosa dogo."

"Nani atapiga? Wewe ama huyu?"

Sajini akanitazama. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka kutazama mbali, mimi nililijua hilo na yeye alijua ninajua. "Huyu," akasema.

"Basi si umemfundisha wewe?" mama akauliza, na kuendelea na maharagwe yake.

Sijui kama sajini aliwahi kushindwa na mtu kwa maneno machache hivyo. Walipatana, lakini kwa masharti yake: mama akae kando ya jabali kubwa lililo mwisho wa shamba, afanye kazi hapo hapo, asisogee kuelekea mwamba wa nyani hata iweje. Mimi nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huongea. Nikamweleza mama kila kitu nilichojifunza Voi, yadi, upepo, mkonge, nikafika kwenye mafundi wa reli na nyundo yao, nikamwonyesha jinsi ya kuhesabu mbio. Hakuinua kichwa. Alitupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharagwe, akaniuliza kama sajini anakula pilipili. Nikaona nampigia mbuzi gitaa.

Asubuhi tulivuka mapema kabla ukungu haujainuka. Tukalala kwenye kichaka, ukungu ukafunguka polepole, na upande wa pili nikaliona shamba letu lote limening'inia hapo, dogo na safi: mahindi, migomba, jabali, na kando ya jabali kitambaa cheupe cha kichwa cha mama. Kati yake na mwamba wa nyani palikuwa na nafasi, lakini kutoka pale tulipokuwa nafasi ile ilionekana kama upana wa kiganja.

"Ngapi?" sajini akanong'ona.

Nikapima kwa macho. Macho yangu ya utotoni yalisema hapo tu, mia mbili, mtu unamsalimia. Macho niliyopewa na Voi yalisema usidanganyike, hewa ya milimani imeoshwa na mvua, kila kitu kinaonekana karibu, weka mia tano. Yote mawili yalikuwa yangu na moja lilikuwa likidanganya. Nikiweka juu mno, risasi itagonga majabali ya nyuma, na risasi ikigonga jiwe haina adabu, inakwenda inakotaka. Mama yangu alikuwa pale.

"Afande, weka wewe," nilisema.

"Mimi ni mtu ya tambarare," alijibu. "Huku ni kwenu. Niambie wewe."

Lile dume likatoka. Lilishuka bila haraka, likapita kwenye mahindi, likavunja hindi moja, likapanda mwambani na kukaa. Lilimtazama mama. Mama hakugeuka. Alikuwa ameligeuzia mgongo.

Ndipo akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Aliinua jembe juu kabisa, akalishusha kwa nguvu zote kwenye jiwe tupu.

Mwanamke huyu alituchapa tukiwa watoto kila tulipogonga jembe kwenye mawe. Jembe lake alilinoa, alilifuta, alilitundika ndani ya nyumba. Nikadhani woga umemchanganya. Akaliinua tena, akalishikilia hewani kidogo ili lionekane, akalishusha jiweni. Na safari hii, kabla akili yangu haijaelewa, ulimi ulikuwa umeshaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. *Ting.*

Akalirudia. Moja, mbili, tatu. *Ting.*

"Mia tatu," nikasema.

Sajini hakuuliza nimejuaje. Alikuwa anamtazama mama, na midomo yake ilikuwa ikihesabu pia. "Mia tatu," akasema kwa sauti ndogo. "Huyo mama."

Nikaweka kibati. Majani ya migomba yalikuwa yametulia. Nikavuta pumzi, nikaitoa, nikafika kwenye kile kituo kidogo, nikabonyeza. Bunduki ikanishtua.

Dume likaanguka nyuma ya mwamba, likapotea kwenye majani, halikuinuka. Kundi likapiga kelele, likapanda majabali na kutoweka. Mwangwi ukazunguka bonde zima, ukaisha. Sikulitazama dume. Nilikitafuta kitambaa cheupe. Kilikuwa hapo hapo. Mama alikuwa ameinama, analima, palepale alipoambiwa akae, kama mtu ambaye hakusikia chochote. Nililia, na sajini akageuka upande wa pili kutafuta kiberiti chake, ambacho kilikuwa mkononi.

Kisha mama akanyoosha mgongo, akaweka viganja mdomoni, akalivuta neno la kwanza mpaka likavuka bonde. Hakuuliza kama tumepiga. Alituambia tusiondoke na njaa, kuna kimanga cha mihogo na maharagwe, na mgeni aambiwe pilipili ameiweka kando.

Tulipofika, sajini alivua kofia. Alimwuliza ni nani aliyemfundisha kutokugeuka nyuma risasi ikilia. Mama akasema alikuwa na kazi. Sajini alistaafu miaka michache baadaye, na kila nilipomtembelea alinisalimu, kisha akauliza habari za yule askari mwenzake wa Ronge.

Jembe lilikuwa limepasuka kwenye makali, pengo la ukubwa wa kidole gumba. Nilimnunulia jipya. Alilipokea, akalitundika, akaendelea kulimia lile lenye pengo, na kila lilipokwama kwenye mizizi alinilaumu kwa sauti mpaka majirani wa ng'ambo wakasikia: jembe langu zuri, umeniharibia wewe na hesabu zako. Mama hayupo tena. Jembe ninalo hapa nyumbani, Voi, ukutani ambapo wengine huweka picha. Nikienda Ronge, ng'ambo ya bonde kuna mtu mwingine analima lile shamba, nami husimama, bila kukusudia, nikitazama jembe lake likishuka, ulimi ukihesabu.